Kupiga picha Fort Jesus ukiwa Mombasa kikazi

Watu wengi wanaokuja Mombasa kwa semina au ukaguzi wa hesabu huondoka na picha moja ileile: wamesimama mbele ya ukuta wa rangi ya udongo mwekundu, macho wameyafinya, kivuli cha pua kimewashukia mdomoni. Simu haina kosa. Waliiendea ngome saa ya mapumziko ya chakula, jua likiwa utosini, wakasimama nje mahali pale pale ambapo saa hiyo hapafai.

Fort Jesus, ngome ya kale ya Wareno, ina uso mmoja unaotazama bahari, mashariki, na mwingine unaotazama mji, magharibi. Asubuhi jua huangaza upande wa bahari, na jioni huangaza upande wa mji. Mchana halifai popote nje, lakini ndani ya kuta linafaa sana. Kwa hiyo usianze kwa kujiuliza unataka picha gani. Angalia nafasi uliyo nayo kwenye ratiba ya kazi, kisha ufuate ukuta unaolingana na saa hiyo. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa hivyo. Huhitaji zote, na mtu aliyekuja kwa siku mbili akipata moja vizuri ameshapata.

1. Tafuta mwanya kwenye ratiba

Mombasa iko nyuzi nne hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa za jua hazibadiliki sana mwaka mzima. Linachomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi, likichelewa sana saa kumi na mbili na nusu, na jioni linazama kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi. Jambo ambalo mgeni wa kutoka mbali hulisahau ni kwamba hapa jua hupanda wima, halizunguki kando. Ule mwanga laini wa dhahabu haukusubiri umalize kifungua kinywa cha hoteli. Saa moja asubuhi bado uko, ikifika saa tatu umekwisha.

Kama umelala mjini, kwenye Moi Avenue au Nkrumah Road, tuktuk itakufikisha Ngomeni kwa dakika chache. Kama hoteli yako iko Nyali au Bamburi, kumbuka kwamba Daraja la Nyali jioni ni foleni. Mwenye mkutano Nyali unaomalizika saa kumi na moja asijidanganye kwamba atawahi jua la jioni kwenye ukuta. Huyo ajipange kwa alfajiri, barabara ikiwa tupu.

Aliyeshuka treni ya SGR naye ajue kwamba kituo kiko Miritini, bara, na kuingia kisiwani na mizigo kunakula muda. Siku ya kufika usipange picha.

2. Kitambulisho, malipo, na swali la "picha ni za nini?"

Ngome iko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Hufunguliwa asubuhi baada ya jua kupanda na hufungwa jioni, kwa hiyo alfajiri utafanya kazi nje tu. Kiingilio hulipwa kwa simu kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali ya Kenya, na bei ya Mkenya si ya Mtanzania wala ya mgeni wa ng'ambo. Beba kitambulisho au pasipoti, maana bila hiyo utalipishwa kama mgeni na hutakuwa na la kusema.

Picha za kumbukumbu hazina shida. Lakini wewe umekuja kikazi, na hapo ndipo watu huchanganya mambo. Picha ya kumtumia mama nyumbani ni kitu kimoja. Picha itakayowekwa kwenye kalenda ya kampuni, ripoti ya mwaka au bango la kutangaza huduma ni biashara, na inahitaji ruhusa ya makavazi na ada yake. Ukipiga video ya kibiashara kuna pia leseni ya Bodi ya Uainishaji Filamu. Kama mkuu wa mawasiliano ofisini kwenu amekuambia "ukifika huko tupigie na ngome kidogo", mwandikie makavazi barua kabla hujasafiri. Ukianza kujieleza langoni huku tripodi iko begani, umechelewa. Tripodi yenyewe ndiyo inayomfanya askari akuulize maswali. Mwenye simu mkononi hupita bila kutazamwa.

Droni iache nyumbani. Kenya inazidhibiti kwa kanuni za usafiri wa anga za mwaka 2020, na inataka isajiliwe na upate idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla ya kurusha. Mombasa ina uwanja wa ndege wa kimataifa, bandari kubwa na kambi ya jeshi la majini, zote karibukaribu. Najua kishawishi kinatoka wapi: mchoraji wa ngome, Mwitalia Giovanni Battista Cairati, aliipa umbo linalofuata mwili wa mwanadamu, kama mtu aliyelala chali, na umbo hilo halionekani ila kutoka juu. Liangalie kwenye ramani ya setilaiti, inatosha.

3. Lenzi na unyevu

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoharibu alfajiri nzima. Chumba cha hoteli kina kiyoyozi, nje kuna joto la Pwani lenye unyevu. Kamera iliyolala kwenye baridi usiku kucha ukiitoa nje ghafla, lenzi inafunikwa na mvuke papo hapo. Ukiifuta inarudi. Ukiifuta kwa ncha ya shati unaongezea jasho na chumvi, na kuanzia hapo kila taa kwenye picha itakuwa na ukungu pembeni.

Dawa yake ni kuizuia kamera isipoe. Usiku iache ndani ya begi, begi lifungwe zipu, uliweke bafuni au kwenye kabati mbali na kiyoyozi. Asubuhi usilifungue begi mpaka umekaa nje kama nusu saa, likiwa limeanza kushika joto la nje. Kwa simu ni rahisi zaidi: iweke mfuko wa suruali, joto la mwili litafanya kazi wakati tuktuk inakwenda. Ukishamaliza kando ya bahari, pangusa lenzi na mwili wa kamera kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo maji ya kunywa, kisha kikavu. Chumvi ya upepo wa kusi haionekani, lakini ipo. Usibadilishe lenzi ukiwa ufukweni.

4. Alfajiri: upande wa bahari

Fika kabla jua halijatoka. Kando ya ngome kuna njia ya kushuka kuelekea majini, na chini yake umejengwa ukuta wa kukinga mawimbi yaliyokuwa yakiula mwamba. Ngome imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na wajenzi hawakuusawazisha. Waliufuata ulivyo, wakapandisha kuta juu yake. Mstari ule ambapo mwamba mweusi uliotobokatoboka unageuka kuwa ukuta wa kujengwa, kwa macho yangu, ndiyo picha bora ya Fort Jesus. Langoni watu wamepiga wee mpaka basi.

Angalia maji kabla ya kupanga siku. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hujaa alfajiri na tena alasiri, na kupwa kabisa karibu saa nne au saa tano za asubuhi. Jua linapochomoza siku hizo maji yanaanza kushuka, mwamba umelowa na unang'aa. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo, hutapata mwamba mwingi, lakini kuna utulivu. Wavuvi na vijana wanaoogelea pale wanajua maji kuliko programu yoyote ya simu, uliza. Viatu vya ofisini visiguse mwamba huo. Una utelezi, na ni mkali kama wembe.

Sasa simu yenyewe. Gusa kioo mahali ambapo ukuta umepigwa na jua, usiguse anga. Ikitokea alama ya jua ndogo, ivute chini kidogo mpaka rangi ya ukuta irudi: manjano iliyochanganyika na wekundu, yenye mabaka. Simu zikiachwa zijiamulie huufanya ukuta mweupe kama chokaa. Usitumie lenzi pana sana, ile inayoonyesha kila kitu, kwa kuwa inapinda kona za ngome na kuta zinaonekana kama zinaangukia nyuma. Rudi nyuma hatua kadhaa, tumia lenzi ya kawaida au zumu ya mara mbili, na uishike simu wima bila kuiinamisha.

Wala usijaribu kuitia ngome yote kwenye fremu moja ukiwa miguuni pake. Eneo lake ni hekta 2.36, na ukiwa chini huna pa kurudi nyuma ila baharini. Chagua kona moja. Muombe mtu asimame mbali chini yake, aonekane mdogo, na ukubwa utajieleza.

Ukiitaka nzima, vuka upande wa pili wa mkono wa bahari, English Point. Kutoka kule unaiona ngome, Mji wa Kale na maji mbele yake, na asubuhi jua liko nyuma yako. Ni mbali, kwa hiyo simu isiyo na zumu nzuri itakuletea mstari wa rangi tu. Jioni jua huzama nyuma ya mji na ngome inageuka kivuli cheusi. Wengine huipenda hiyo kuliko ya asubuhi. Mashua za kukodi nazo zipo. Patana bei kabla hujapanda, na uombe jaketi la kuokoa maisha hata kama nahodha anacheka.

5. Mchana: ingia ndani

Mapumziko ya chakula ya saa moja yanatosha ukiacha kuzurura nje. Mwezi wa tatu mwanzoni na wa kumi mwanzoni jua hupita juu ya kichwa kabisa. Miezi mingine halikosi kwa mengi. Lakini jua hilohilo likigonga sakafu na kuta za rangi isiyokoza, linarudi juu na kuingia kwenye matao na vyumba, na kuvijaza mwanga laini usio na kivuli kikali.

Anza langoni. Juu ya lango kuna maandishi ya Kireno yanayotaja mwaka 1635. Yapige ukiwa umesimama sawa nayo, si kwa pembe. Ndani ya njia ya lango geuka utazame ulikotoka: tao linakuwa fremu nyeusi, watu wanaoingia wanakuwa vivuli. Subiri apite mmoja peke yake. Kundi la wanafunzi likija, na huja, kaa pembeni, litapita.

Uani kuna mizinga, mabaki ya majengo, na mifupa ya nyangumi ambayo watoto huipenda kuliko historia yote. Kwenye buruji la San Felipe, yaani sehemu ya ukuta inayotokeza nje konani, kuna nyumba ya Waomani, na milango na dari zake hutoa picha za karibu. Buruji nyingine ni San Alberto, San Mateo na San Matias. Ukiwa juu ya kuta, mizinga inayotazama bahari hupigwa na kila mtu kutoka nyuma, ikielekea majini. Inama mpaka lenzi ilingane na mdomo wa mzinga, uupige kutoka ubavuni. Utaona kutu ilivyomenyuka tabaka kwa tabaka.

Katika makavazi kuna vitu vilivyoopolewa kutoka meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama hapo mwaka 1697 Waomani wakiwa wameizingira ngome. Kuna pia michoro ya meli iliyochorwa ukutani na Wareno. Zima flashi. Kioo kikileta mng'ao, gusisha ukingo wa simu kwenye kioo taratibu na uzuie mwanga kwa kiganja.

Rudi kazini saa nane. Hakuna picha iliyobaki nje yenye thamani ya kuchelewa.

6. Jioni: upande wa mji

Kuanzia saa kumi na moja jua linashuka upande wa bara na kuzipaka kuta zinazotazama Nkrumah Road. Rangi ya ukuta inakolea kila dakika. Tatizo la upande huu ni nyaya za umeme, magari yaliyoegeshwa, na meza za wauza vinyago. Watu huhangaika kuvikwepa. Mimi nasema gari likwepe, watu waache. Ngome hii ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ikatekwa na kurudishwa mara kadhaa, Waomani wakaichukua mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, Waingereza wakaifanya gereza kuanzia 1895, na leo pale nje kuna mtu anauza madafu. Muuza madafu ni sehemu ya picha.

Tafuta handaki lililochongwa kwenye mwamba upande wa bara. Ukisimama pembeni mwake, ukuta unaonekana mrefu mara mbili na magari yanafichika.

Magharibi karibu kuingia, usisimame ukingoni mwa barabara ukiwa umenyoosha simu. Pikipiki inapita, simu inakwenda. Sogea ukutani, piga, weka mfukoni.

7. Watu wa Mji wa Kale

Ukitoka ngomeni unaingia Ndia Kuu na vichochoro vyake, na kamera yako inabadilika maana. Hapa ni majumbani mwa watu. Roshani za mbao, milango ya nakshi, mnara mweupe wa Msikiti wa Mandhry ulioanzishwa 1570, hivyo vipige, ila usielekeze lenzi dirishani wala ndani ya ua. Wanawake wasipigwe bila kuombwa, na akikataa mara moja yatosha. Ijumaa adhuhuri, wakati wa swala, iweke kamera begini.

Namna ya kuomba inahesabika kuliko ombi lenyewe. Anza na salamu, kaa, nunua kitu. Kwa muuza kahawa chungu, kwa mfano, mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Salamu alaikum, mzee wangu."

"Wa alaikum salaam. Karibu kahawa."

"Ahsante, nipe kikombe kimoja na kashata. Mzee, ningeomba kukupiga picha ukimimina, kama si taabu."

"Mikono piga. Uso uwate."

Basi piga mikono: dele la shaba, lile birika la kahawa, limeinamishwa, kijito chembamba cha kahawa, vikombe vidogo visivyo na mkono vimepangwa ndani ya maji. Umepata picha iliyo bora kuliko ya uso, na kahawa umekunywa.

Kwa picha za kikazi zenye sura za watu, ridhaa si adabu tu, ni sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mwaka 2023 Kamishna wa Data alizitoza faini ya mamilioni ya shilingi taasisi zilizochapisha picha za watu bila ridhaa, ikiwemo shule iliyotumia picha za wanafunzi. Pata ridhaa kwa maandishi, hata ujumbe mfupi wa simu. Watoto, mpaka mzazi akubali.

8. Pembe za Moi Avenue, kama muda umebaki

Zile pembe kubwa za alumini, zenye umbo la pembe za ndovu, zilisimamishwa miaka ya 1950 kwa ajili ya ziara za familia ya kifalme ya Uingereza, na zimepandana mpaka zikafanya herufi M. Asubuhi simama upande wa Digo Road utazame Kilindini. Alasiri fanya kinyume chake, ili jua liwe mgongoni. Jumapili mapema ndiyo siku yake, magari ni machache. Piga ukiwa kando ya barabara. Wanaosimama katikati kungoja selfi wanawatia wenye matatu kiherehere bure.

Na popote utakapokwenda kisiwani, usielekeze kamera kwenye kivuko cha Likoni, bandari ya Kilindini, Ikulu, vituo vya polisi, wala askari. Ukiulizwa, jibu kwa upole, "Samahani afande, sikujua," na uifute mbele yake.

9. Kabla ya kutuma

Nyoosha mstari wa bahari. Ukilala upande, ngome inaonekana inateleza. Punguza mwangaza wa anga, usiongeze rangi ya ukuta, inatosha ilivyo. Chagua picha tano. Anayetuma sitini kwenye kundi la ofisi hatazamwi hata moja.

Maelezo yaandike usiku huohuo: mahali, tarehe, upande wa ngome, na jina la aliyekubali kupigwa kama alikubali litajwe. Kama ni za ripoti, taja kwamba Fort Jesus iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011, na ambatisha nakala ya ruhusa ya makavazi pamoja na risiti ya kiingilio. Mhasibu ataitaka risiti hiyo kabla hajaitazama picha yenyewe.